Karatasi Juu ya Kitanda cha Nne

Mimi si mtu wa kuonewa huruma, hilo tulimalize mapema. Naitwa Verna Rideout, nimepika katika hospitali ya Marten Arm miaka ishirini na miwili, na anayeona supu yangu ya mbaazi ina chumvi nyingi aje aniambie usoni. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Dulcie Keeping, muuguzi, na kama najiingiza humu ni kwa sababu nilimkosea mara mbili katika siku moja.

Dulcie alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipokwenda mji mkuu wetu, St. John's, kusomea uuguzi, akiwa na miaka kumi na tisa, mama yangu alisema basi, huyo ndiyo kaenda. Akarudi! Alirudi na sanduku moja na viatu vyeupe, akaingia hospitali yetu ya vitanda kumi na viwili, na hakutoka tena kwa miaka thelathini na mitatu. Nusu ya watu wa hapa walipokewa naye kutoka tumboni mwa mama zao. Mumewe, Eldred, alikwenda Alberta kwenye kazi ya mafuta, wiki tatu huko, wiki moja nyumbani, mpaka akapata huko mwanamke mwenye farasi na asionekane tena. Dulcie alilia siku mbili. Siku ya tatu alikuwa zamuni.

"Afadhali," aliniambia, akimenya viazi vyangu bila kuombwa. "Alikuwa anakoroma kama mashine ya kuondoa theluji."

Zamani tulikuwa na wauguzi tisa, wote wa hapa hapa. Kisha wakaanza kwenda mmoja mmoja. Hata Glenys, ambaye mama yake ni binamu yangu, aliacha kazi Ijumaa, Jumatatu akawa ameajiriwa na wakala wa kukodisha wauguzi, na wakala akampeleka kwenye hospitali nyingine ya serikali, mwendo wa saa tatu tu kutoka hapa, akafanye kazi ile ile kwa malipo mara tatu. Na huku kwetu wakala akatuletea watu wa mbali, wa Ontario, wajaze pengo la Glenys. Hebu niambie, hiyo ni akili ya nani? Tukabaki na wauguzi wanne. Hao wa wakala tuliwaita watu wa wiki nne, kwa sababu mkataba wao ni wiki nne, na ukishajua mmoja anakunywa chai ya namna gani, keshafunga mizigo.

Sheria ya hospitali ni kwamba lazima wauguzi wawe wawili kwa kila zamu. Akiwa mmoja, chumba cha dharura kinafungwa, meneja anabandika tangazo mlangoni, na wewe mwenye moyo unaokukaba endesha gari saa moja na nusu mpaka hospitali kubwa. Na mtu haruhusiwi kuondoka mpaka wa kumpokea afike. Asipofika, unabaki. Majira ya baridi yale Dulcie alibakizwa zamuni mara nyingi hivi kwamba paka wake alihamia kwa jirani.

Septemba, kabla baridi hiyo haijaanza, aliingia jikoni kwangu, akaufunga mlango, akaushika mkono wangu wenye unga, akauweka ubavuni mwa titi lake la kushoto.

"Unasikia?"

Nilisikia. Kitu kigumu kama kokwa.

"Tangu lini?"

"Tangu niache kujidanganya."

Ilibidi aende St. John's wamtoboe, wachukue kipande, wakipime. Mwendo wa saa saba kwa gari, ukienda leo unafanyiwa kesho. Wakampa siku mwezi wa Oktoba. Ukungu ukashuka, ndege ya muuguzi wa wakala haikutua, Dulcie akabakizwa. Wakampa siku nyingine Januari. Safari hii mtu wa wakala alifika, kijana mmoja wa Toronto, akakaa siku mbili, akasema mahali hapa panamtia huzuni, akaondoka. Dulcie akabakizwa tena. Siku ya tatu waliyompa ilikuwa Alhamisi moja ya Machi, saa mbili asubuhi, na daktari alimwambia waziwazi: "Dulcie, ukiikosa hii, nyingine ni Juni. Mimi sitaki tuifikie hiyo Juni."

Nikaiandika Alhamisi hiyo kwa wino mwekundu kwenye kalenda ya jikoni. Kila aliyeingia kuchukua sinia aliiona. Dulcie angekwenda, hata kama ingebidi mimi mwenyewe nivae viatu vyeupe.

Sasa lazima niwaambie habari za Mwalimu. Leander Fudge alitufundisha wote, mimi na Dulcie na mama zetu kabla yetu. Alikuwa mtu wa tai kila siku, hata Jumamosi. Kiharusi kikampiga, akaletwa kitanda cha nne, na koo lake likawa halijui tena kumeza maji. Kitu chochote chepesi kingempitia njia isiyo yake, kiende mapafuni. Chai yake ilibidi itiwe unga maalumu iwe nzito kama uji. Basi wakabandika karatasi ukutani juu ya kichwa chake, herufi kubwa: ASIPEWE KITU CHEPESI.

Mwalimu aliichukia karatasi ile kuliko kiharusi chenyewe. Watu walikuja kumwangalia, watu aliowachapa makwenzi wakikosea hesabu, na macho yao yanapanda ukutani kabla hayajamfikia yeye. Siku moja alimlilia Dulcie. Mwalimu Leander, analia! "Wewe niliwahi kukubandika ukutani?" akamuuliza.

Dulcie akaing'oa. Hakumwuliza mtu. Na sisi sote tuliona amefanya jambo la utu, maana nani asiyejua habari za koo la Mwalimu? Marten Arm nzima ilijua. Chai ikawa inatoka jikoni kwangu nyepesi, kwenye kikombe chake cha maua ya buluu kilicholetwa kutoka nyumbani, na Dulcie anakuja na kopo dogo mfukoni mwa sare yake, anakoroga unga mbele yake huku akisema, "Sukari yako, Mwalimu." Naye anaitikia, "Usizidishe, binti." Wote wawili wanajua. Siku ambazo Dulcie hayupo, mwenzake analichukua kopo na kusema maneno hayo hayo. Ndivyo tulivyo. Hatuandiki yanayojulikana.

Jumanne ya wiki ile ya Machi, mtu wa wiki nne akafika. Rowena Magsino, mwanamke wa miaka arobaini hivi kutoka Brampton, mfupi, mwenye sauti ya chini. Ndege ilitua. Nilitaka kuipigia makofi. Lakini kumpenda? Sikumpenda. Kwanza alichukua kikombe cha Dulcie. Vikombe vyetu vinaning'inia jikoni, kila mtu na kulabu yake, na yeye akanyoosha mkono akachukua cha Dulcie, cha rangi ya kijani, akajitilia kahawa. Wala hakuuliza. Mwenzangu, nilivimba! Kwa hasira zote nilizokuwa nazo kwa Glenys, kwa wakala, kwa meneja, kwa serikali nzima, nikamnunia mwanamke aliyeshika kikombe.

Jumatano asubuhi Dulcie alimkabidhi zamu hapo hapo mezani kwangu, koti likiwa tayari begani. Alikuwa na nusu saa. Alipita kitanda hadi kitanda kwa vidole: huyu miguu, yule anatoroka, huyu usimwamini akisema amekwisha kunywa dawa.

"Kitanda cha nne ni Mwalimu," alisema. "Kiharusi. Mtu mwema. Mpe heshima yake."

"Haya yote yameandikwa mahali?" Rowena akauliza.

"Yamo kwenye kompyuta."

"Nywila yangu bado haijatoka St. John's. Wamesema labda kesho."

Dulcie akacheka, kile kicheko chake cha puani. "Usihofu, kipenzi. Hapa kila kitu kinajulikana. Ukikwama, muulize Verna."

Kisha akanikumbatia. Alikuwa ananuka sabuni ya hospitali. Nikampa mikate miwili ya kukaanga na jamu, nikamwambia akisimama njiani kwa ajili ya kumshangaa paa yeyote nitamkana. Saa nne kamili gari lake likapanda kilima. Nikapiga alama ya vema kwenye kalenda, kabla ya siku yenyewe, kwa furaha tu.

Saa saba mchana Rowena alikuja mwenyewe kuchukua masinia, kwa sababu msaidizi wa wodi alikuwa mgonjwa. Akasimama mlangoni. Karla, muuguzi wetu mwingine, alikuwa dharura na mtoto mwenye homa.

"Dada Verna," akasema, "kuna lolote napaswa kujua kuhusu hawa na vyakula vyao?"

Aliniuliza. Nataka hilo lieleweke. Aliniuliza vizuri, kwa adabu, neno kwa neno kama alivyoelekezwa.

Na mimi, bila hata kugeuka kutoka kwenye sufuria, nikamjibu: "Si mnalipwa mara tatu ili mjue?"

Akachukua masinia. Kikombe cha maua ya buluu kilikuwa juu kabisa, kinafuka mvuke, nami nilikiona kikipita. Nilijisemea nitamwambia akirudi kuchukua sinia la pili. Wallahi vile nilikuwa nitamwambia! Nilitaka tu akae na neno langu kidogo, limchome kidogo.

Hakurudi kuchukua sinia la pili. Nilisikia kengele, kisha viatu vikikimbia, kisha sauti ya Karla: "Mgeuze! Mgeuze ubavu!" Nilipofika mlangoni, uso wa Mwalimu ulikuwa wa rangi ya jivu na Rowena alikuwa juu ya kitanda amepiga magoti, anamfyonza maji ya kooni kwa mashine, mikono yake haitetemeki hata kidogo. Kikombe kilikuwa sakafuni. Hakikuvunjika.

Alimrudisha. Mwalimu alipumua, lakini kwa sauti ya maji, na daktari akasema apelekwe hospitali kubwa sasa hivi, na lazima muuguzi aende naye kwenye ambulensi. Akapanda Rowena. Karla akabaki peke yake, na meneja, bila hata kupandisha sauti, akaenda kuchukua lile tangazo lake la kufunga dharura. Baridi ile lilikuwa limeshabandikwa mara kumi na moja. Lingekuwa la kumi na mbili. Dunia isingeisha.

Hakuna aliyeniambia nimpigie simu Dulcie. Nieleweni. Meneja hakuniambia, Karla hakuniambia. Niliingia stoo kwenye magunia ya viazi, nikampigia kwa sababu nilikuwa naogopa, na tangu utotoni nikiogopa namwita Dulcie.

Alikuwa kituo cha mafuta cha njia panda, saa tatu za mwendo zimeshapita. Nilimsikia anatafuna.

"Mwalimu amepaliwa na chai," nikasema.

Akaacha kutafuna. Nikasikia koti linapapaswa.

"Verna," akasema. "Kopo ninalo mimi. Limo mfukoni."

"Dulcie..."

"Nimeondoka nalo. Na karatasi niliing'oa mimi." Kisha akauliza, "Nani yuko dharura?"

"Karla. Peke yake. Wanafunga."

"Nageuza."

Hapo ndipo nilipomkosea mara ya pili. Ningeweza kusema usithubutu. Ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mtu wa wakala aliniuliza na mimi nikamtupia kejeli, na angenitukana matusi yote anayoyajua na kuendelea na safari yake. Nilichosema ni, "Njoo, Dulcie. Njoo."

Alifika saa kumi na mbili jioni, akavua koti, akaingia dharura. Meneja akalitoa tangazo. Mnajua waliokuja jioni ile? Alikuja mtoto wa akina Sheppard aliyejikata kidole kwa kifuniko cha kopo la maharage. Huyo tu. Dulcie alimfunga kitambaa, akampa peremende. Rowena hakurudi kutoka hospitali kubwa mpaka kesho yake mchana, na Alhamisi ikapita. Ile alama niliyoipiga kwenye kalenda ikabaki pale, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Mwalimu alikufa baada ya siku kumi na moja, nimonia. Rowena alimaliza wiki zake nne bila kumsema mtu yeyote vibaya, akaondoka. Siku ya mwisho alikiosha kile kikombe cha kijani, akakirudisha kwenye kulabu, mpini ukielekea upande ule ule. Nilitaka kusema kitu. Nikageukia sufuria yangu.

Na Juni ikaja. Walimtoboa Juni. Julai wakamwambia ni saratani, na imefika kwenye ini. Walijaribu dawa, nywele zikaenda, akavaa kofia ya sufu ya manjano niliyomfumia, mbaya sana, akaivaa mpaka kanisani ili kunikomoa. Novemba alisema inatosha, anataka kurudi nyumbani, na kwa Dulcie nyumbani ni hospitali. Kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa cha nne.

Mtu aliyewahudumia watu hawa kwa kichwa chake tu, bila daftari, sasa kila wiki nne anahudumiwa na mtu asiyemjua hata jina. Karla yuko, lakini Karla ni mmoja. Wanakuja, wanasoma kompyuta wakipata nywila, wanamwita Bi Keeping. Wanamlaza ubavu wa kulia unaomuuma. Wanamuuliza kama amewahi kulazwa hapa. Akipata nguvu anawajibu, "Mara moja moja, kwa miaka thelathini na mitatu."

Basi nikaandika. Mimi nisiyeandika hata mapishi. Nilichukua karatasi kubwa ya jikoni, nikaandika yote: alale ubavu wa kushoto, dawa ya maumivu apewe kabla hajaoga, si baada, hataomba, kwa hiyo msingoje aombe, chai yake na maziwa ya kopo, msimwite Bi Keeping, jina lake ni Dulcie, ni muuguzi, mwambieni ukweli. Nikaibandika ukutani juu ya kichwa chake. Nilidhani ataing'oa. Alipindua macho akaisoma yote, kinyumenyume.

"Umekosea kuandika maumivu," akasema.

"Nitakukosea na wewe sasa hivi."

Wiki iliyopita nikashindwa kuvumilia. Nilikuwa namkanda miguu. Nikamwambia yote: mlango wa jikoni, swali la Rowena, jibu langu, sufuria niliyoipa uso badala yake. Nikamwambia simu ile niliipiga kwa woga wangu mwenyewe. Nililia kama mtu asiyekuwa na aibu.

Dulcie alifunga macho.

"Rowena aliniambia," akasema. "Mwezi ule ule. Alidhani labda hukumsikia."

"Umejua muda wote huu?"

"Nimejua."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unanipikia," akasema. "Ningekula wapi?"

Akaniacha nilie nimalize. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilimkanda mguu wa pili.

Leo asubuhi amekuja mpya. Binti wa Manitoba, miaka ishirini na mitano labda, na mkoba bado una kibandiko cha ndege. Sikungoja aniulize. Nilimkuta mlangoni pa wodi kabla hajavua koti, nikampa kikombe kutoka kulabu yangu mwenyewe, nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka kitanda cha nne, tukasimama chini ya karatasi, nikamsomea mstari kwa mstari kwa sauti. Alisikiliza vizuri. Aliuliza maswali mawili ya maana.

Dulcie alikuwa anamtazama. Siku hizi macho ndiyo yamebaki makubwa.

"Mkataba wako wiki ngapi, kipenzi?"

"Nne," binti akajibu.

"Basi vizuri," Dulcie akasema. "Tutamaliza pamoja."

Binti akanigeukia mimi, kama ningekuwa na jambo la kumwambia. Nikamwonyesha mahali maziwa ya kopo yanapowekwa.